Nilikata Waya wa Paa la Mjane

Namshukuru Mungu Baba, mwenye kuyatawala maji ya ziwa na pepo zake zote, aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi na akili timamu. Sifa ni zake. Nayasema haya kwanza kwa sababu yatakayofuata hayana sifa hata kidogo, na sitaki mtu achanganye jina lake na matendo yangu.

Ndugu msomaji, nimekosa. Nilipanda ngazi kwa miguu yangu mwenyewe, nikakata waya uliofunga paa la mjane wa mdogo wangu. Waya ule uliwekwa ili upepo usilichukue paa. Upepo ulipokuja, ukalichukua. Yeye akaumia. Mimi nikasimama juu ya matofali yake, nikafumba macho, nikawaongoza watu katika sala.

Nikikumbuka sauti yangu katika sala ile, natamani kutapika.

Kaa nikueleze. Mimi ni mtu mzima sana sasa, nimezika wengi, na nimefundisha watoto wa kipaimara tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri upande wa Izigo, wilayani Muleba. Majina ya watu nimeyabadili. Langu nimelificha, maana ukilijua langu utamjua na yeye, na yeye hakuomba kusomwa na watu.

Huku kwetu upepo hutoka ziwani. Zamani ulikuwa ukiangusha migomba, sisi tunaiwekea miti ya kuegemea, maisha yanaendelea. Miaka hii umekuja na nguvu nyingine, hata watu wanauita kimbunga. Msimu mmoja wa mvua uliezua madarasa ya kijiji jirani pamoja na nyumba kadhaa, mchana kweupe. Niliona bati limejikunja juu ya mti kama nguo iliyoanikwa. Hakuna aliyekufa, tukashukuru.

Baada ya hapo mchungaji wetu alileta mafundi kutoka mjini Bukoba watufundishe kuimarisha nyumba tulizo nazo. Ni nani kati yetu angeweza kubomoa na kujenga upya? Walitukusanya katika uwanja wa kanisa, wakatueleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika uzee wangu wote. Upepo haulisukumi paa, unalinyanyua. Unaingia chini ya baraza, unapata pa kushika, unainua. Paa la nyumba zetu limekaa juu ya ukuta kwa uzito wake na misumari michache, basi.

Dawa yake si ngumu. Unatoboa ukuta chini ya lenta, ile zege inayopita juu ya madirisha. Unapitisha waya mnene, unauzungusha kwenye lenta na kwenye kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba mabati, unausokota kwa plaizi mpaka unalia. Kenchi moja baada ya nyingine, nyumba nzima. Ndani ya kenchi unapigilia mbao za mshazari. Paa la baraza unalitenganisha na paa kubwa, ili upepo ukichukua baraza uiachie nyumba. Madirisha unayawekea komeo za kweli. Mparachichi uliolalia nyumba unaukata, hata kama ulipandwa na babu.

Nilielewa haraka, na wenzangu wakanichagua niongoze kikundi. Kila Jumamosi tulikwenda nyumba ya mtu mmoja. Wanaume wanapanda, wanawake wanapika ndizi na maharage, jioni tunaimba wimbo mmoja na kutawanyika. Nilipenda kazi ile. Nilipenda hasa namna watu walivyonitazama nikiwa juu ya ngazi na mvi zangu, nikishika waya na kusema, "Hapa bado, sokota tena." Nyumba yangu ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza. Nilisema ni kwa ajili ya mfano.

Sasa nikwambie kuhusu Ma Koku.

Mdogo wangu ndiye aliyebaki kwa baba yetu, katika nyumba ya baba, ndani ya kibanja, shamba la migomba la ukoo, walimozikwa wazazi wetu. Alioa Ma Koku, wakazaa mabinti watupu. Mdogo wangu alipofariki, mabinti walikuwa wameshaolewa, na mjane akabaki peke yake na migomba yake, mikahawa yake na ulimi wake. Ma Koku ana ulimi. Hata msibani huwezi kukaa karibu naye bila kucheka, kisha ukaona aibu kwa kucheka.

Yeye hakuacha kazi hata siku moja. Kibanja kile kilikuwa kisafi kuliko changu.

Jumamosi zikawa zinapita. Tulifunga nyumba za wazee wenzangu, nyumba ya mwalimu mkuu, nyumba ya mwenyekiti wa kijiji pamoja na banda lake la mbuzi. Kwa Ma Koku hatukwenda. Jumapili moja baada ya ibada alinisimamisha mbele za watu.

"Mulamu," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana sisi mashemeji, "nasikia mmefunga mpaka mbuzi wa mwenyekiti. Mimi nimekosea wapi, sina mkia?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia zamu yake itafika, awe na subira.

Haikuwa kwenye mpango wangu ifike.

Ngoja niseme kilichokuwa moyoni, na kama unakula, weka chakula pembeni. Kwetu Uhayani, ugomvi wa kibanja ukiletwa mbele ya ukoo, wazee huuliza maswali yale yale. Mikahawa hii nani aliipanda? Nyumba hii nani aliiezeka? Mjane anaruhusiwa kukaa, kula ndizi, kuchuma kahawa. Lakini akianza kujenga, kuezeka, kupanda vya kudumu, wazee wanashtuka, kwa sababu kesho atasema, jasho langu limo humu. Mdogo wangu hakuacha mtoto wa kiume. Kwa hesabu za ukoo, kibanja kile kingemwangukia mwanangu aliyeko Dar es Salaam.

Kwa hiyo nilikaa na wazee wenzangu wa ukoo, tukinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikawaambia kwamba waya si kitu kidogo. Nikasema anayelifunga paa ni sawa na anayeezeka. Nikasema tukimfungia sisi tutakuwa tumemthibitisha mle ndani, na akifunga mwenyewe itakuwa mbaya zaidi. Niliyasema kwa upole, kama mtu anayefafanua neno la Mungu. Wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja wa ukoo mwingine, aliyealikwa tu kunywa, akasema hajawahi kulifikiria hilo lakini lina maana.

Mwanamke amekaa katika nyumba ile miaka mingi kuliko niliyokaa mimi nikiwa mtoto! Na mimi nahesabu waya!

Ma Koku alipoendelea kuulizia zamu yake, nikaanza kutumia dini. Hapa ndipo ninapojichukia kuliko pote. Nilikwenda kwake jioni, akanipa kahawa ya kutafuna kama anavyompa kila mgeni, nikaketi kwenye kigoda cha baba yangu, nikamwambia asihangaike na mambo ya waya. Nikamwambia Mungu ndiye mlinzi wa wajane. Nikamwambia imani ndiyo lenta ya nyumba yake. Nilipendezwa na maneno yale, nikajiambia nitayatumia siku moja katika mahubiri.

Yeye alinisikiliza, kisha akauliza kama Mungu anafahamu kwamba kenchi ya chumba cha kulala imeliwa na mchwa upande mmoja. Nikajifanya sikusikia.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikitegemea anisifu. Alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua uso.

"Kumbe Mungu wako ana kazi mbili," akasema. "Nyumba ya mjane anailinda mwenyewe, nyumba yako anaiachia waya."

Nikamwambia mambo ya ukoo hayaelewi. Akasema kweli, hayaelewi, na akaendelea kumenya.

Basi. Siku moja katikati ya wiki nilikuwa natoka kumtembelea mgonjwa, nikasikia nyundo upande wa kwa Ma Koku. Nikakata njia kupitia migombani. Nikamkuta fundi juu ya ngazi, kijana wa Kiislamu kutoka Kagondo ya Bukoba mjini, nitamwita Idi, mmoja wa wale waliokuja kutufundisha. Alikuwa ameshamaliza upande wote wa chumba cha kulala. Waya zinang'aa, zimesokotwa vizuri. Ma Koku amesimama chini anamshikia ngazi.

Nikamwambia Idi ashuke. Akashuka kwa heshima, akaniamkia shikamoo. Nikamweleza kwamba nyumba hii ni ya ukoo, hakuna kazi inayofanyika bila idhini ya ukoo, na yeye ni mgeni hakujua, hana kosa. Kisha nikamwambia arudi juu aondoe alichofunga.

Idi aliangalia ngazi, akaangalia paa, akaniangalia mimi.

"Mzee wangu," akasema, "mimi huwa nafunga. Kufungua sijafundishwa."

Akaweka plaizi juu ya jiwe la kunolea visu, akaenda kukaa kwenye kivuli na kunipa mgongo. Kijana yule hakuwa na haja ya kunitukana.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtu mwenye hata haya kidogo angeondoka. Mimi nilichukua plaizi. Nilipanda ngazi ile kwa sababu nilikuwa najua kwamba waya zile zikibaki zitakuwa shahidi. Siku ya kikao mtu angeinua kidole na kusema, nani aliyezifunga hizi? Nikakata waya wa kenchi ya kwanza. Nikakata wa kenchi inayofuata. Nilijua mahali hasa pa kukata ili waya uachie bila kuharibu ukuta, maana nilikuwa mwalimu wa wote.

Ma Koku hakuachia ngazi. Sikiliza hilo vizuri. Mimi nakata, yeye amenishikia ngazi nisianguke.

Nilipofika chini aliniambia maneno machache tu. "Mulamu, nyumba sikuiomba. Niliomba waya."

Nikamjibu nini? Nikamjibu kwamba nitamwombea.

Siku zikapita. Kanisani tulisalimiana. Hakumwambia mtu. Idi naye alirudi Kagondo na hakuonekana tena huku kwetu. Nikaanza kujisadikisha kwamba jambo limeisha salama, kwamba nimelinda urithi wa mwanangu bila kelele, kama anavyotakiwa mkubwa wa nyumba. Nililala vizuri. Nasema ukweli wote, nililala vizuri kabisa.

Upepo ulikuja mchana, watu wakiwa wanaanua kahawa. Kwanza ziwa lilinyamaza, kisha mbingu ikawa nyeusi upande wa Bukoba, kisha migomba yote ikalala kwa pamoja kana kwamba mtu ameikanyaga. Mimi na mke wangu tuliingia ndani, tukafunga komeo. Paa likaanza kunyanyuka. Nilisikia waya zinalia moja baada ya nyingine, zinavutwa, zinashika. Zilishika. Nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa waya.

Nikiwa bado magotini mke wangu akasema jina la Ma Koku. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida.

Tulipofika tulikuta watu wameshakusanyika. Upande wa sebule paa lilikuwa limebaki, limepinda. Upande wa chumba cha kulala hakukuwa na paa. Lilikuwa limeondoka na kenchi zake, na lilipoondoka liling'oa matofali ya juu, ukuta ukaangukia ndani. Ma Koku alikuwa ameingia chumbani kutoa maharage ya mbegu aliyokuwa ameyahifadhi chini ya kitanda. Walimtoa chini ya matofali, hai, nyonga imevunjika. Walimbeba juu ya ubao wa mlango wa nyumba yake mwenyewe hadi barabarani kutafuta gari. Alipopitishwa mbele yangu aliniona. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Gari likaondoka. Watu wakabaki wamesimama katika matope, na kama kawaida, watu wakisimama bila la kufanya hutafuta mzee wa kanisa.

Wakaniomba nisali.

Nikasali! Nikasema Mungu huwajaribu wampendao. Nikasema tusihoji njia zake. Mama mmoja nyuma yangu akawa analia na kuitikia amina, na mimi nikazidi kupandisha sauti, kwa sababu nilipofumbua macho kidogo niliona kitu. Juu ya kipande cha ukuta kilichosimama, ncha za waya zilikuwa zimetokeza. Zilikuwa zimekatwa sawasawa. Waya uliokatika kwa nguvu ya upepo hunyooka na kuchanika. Hizi zilikuwa na midomo safi ya plaizi, na mtu yeyote wa kikundi chetu angejua akizitazama.

Nikaimaliza sala. Watu walipoanza kuokota mabati, nikachukua tofali, nikasogea kama ninayesafisha, nikazigonga zile ncha zikalala ndani ya udongo. Moja ilinichoma kidole. Nikakinyonya damu, nikaendelea na nyingine.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa akiwafundisha watoto wenu amri za Mungu.

Hospitali nilikwenda baada ya siku kadhaa, nikiwa na uji kwenye chupa na kitabu changu cha nyimbo kwapani. Alikuwa amelala chali, mguu umefungwa. Binti yake mkubwa alikuwepo, akanipisha kiti na kutoka nje kwa heshima, bila kujua anampisha nani. Nikafungua kitabu. Ma Koku akanyoosha mkono, akaufunika ukurasa.

"Usiniombee," akasema. "Leo kaa tu."

Nikakaa. Ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya, kukaa mbele ya mtu yule nikiwa sina sala ya kujifunikia. Baada ya muda akaanza kunichekesha, maskini ya Mungu. Akasema nesi wa zamu anakoroma kuliko marehemu mdogo wangu. Nikaanza kulia. Yeye akageuzia uso ukutani, akasema nikimaliza nimwachie uji.

Hakurudi kijijini. Binti yake alimchukua kwake Nyanga, pale Bukoba mjini, na mpaka leo hatembei bila kushikwa. Kibanja chake kimeota majani. Mwanamke aliyekuwa anaamka kabla ya ndege kupalilia, sasa anaketishwa nje asubuhi na kuingizwa jioni.

Na yule mrithi niliyekuwa nikimlindia? Nilimpigia simu mwanangu nikamweleza kwamba nyumba ya babu imeanguka, ila kibanja kiko huru. Alishangaa. Akaniuliza, "Tata, nani alikwambia nakitaka? Mimi nimeshajenga huku. Kwa nini hamkumfungia Mama Mdogo paa?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Uongo mwingine juu ya uongo.

Sikuweza tena kula vizuri. Kila nikiketi chini ya paa langu naziona waya zangu. Siku moja nikamweleza mke wangu habari ya ngazi na plaizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia alijua. Alikuwa migombani siku ile anatafuta majani ya kufunikia chakula, akaniona juu ya ngazi. Alikuwa akisubiri aone ni lini nitasema. Wakati wote ule nilipokuwa nikiongoza sala za jioni mbele yake, yeye alikuwa anajua! Nikamuuliza kwa nini hakunizuia. Akasema aliogopa, na kwamba hilo ni lake la kutubu, si langu la kumuuliza.

Nikaenda kwa mchungaji. Nikaenda kwa baraza la wazee, nikaeleza yote, nikajiuzulu. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya usharika. Mchungaji aliniombea, watu wakanisamehe kwa midomo, na pengine kwa mioyo. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini msamaha wa kanisani ulikuja haraka mno, nikauona mwepesi. Nikaamua kwenda Nyanga.

Nilibeba waya kwenye gunia, na plaizi yangu mfukoni, nikapanda basi. Nilikuwa nimepanga: nitaifunga nyumba ya binti yake kwa mikono yangu, chumba cha Ma Koku kwanza. Nilijiona kabisa juu ya ngazi, yeye akinitazama. Unaona jinsi nilivyo? Hata toba yangu ilitaka kutazamwa.

Nikamkuta ameketi nje, anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi, nikataja plaizi, nikataja ncha nilizozigonga kwa tofali. Hili la mwisho alikuwa halijui. Mikono yake ikasimama.

Kisha akaniuliza gunia lina nini. Nikamwambia.

"Hapa pameshafungwa," akasema. "Majirani walikuja, wa msikitini na wa kanisani, wakamaliza kabla sijatoka hospitali. Hakuna aliyeuliza nyumba ya nani."

Nikatazama juu. Kweli, kila kenchi ina waya wake.

"Rudi nalo," akaniambia. "Huko kwenu kuna wajane wengine. Au hukuwaona?"

Kwenye basi la kurudi ndipo nilipowahesabu. Katika kijiji chetu zilibaki nyumba ambazo kikundi hakikuzigusa, na zote, zote kabisa, zilikuwa za wanawake waliofiwa na waume. Sikuwa nimetoa amri hiyo. Nilikuwa nimesema maneno yangu ya hekima mara moja tu, mbele ya kibuyu cha rubisi, nayo yakatembea yenyewe kutoka ukoo hadi ukoo. Wazee wenzangu waliyaona ni mazuri, wakayafuata.

Tangu hapo nazunguka na gunia langu. Nyumba moja walinikubalia, nikapanda, tukafunga, mama yule akanipikia. Nyumba ya pili shemeji wa mjane, ndiye yule aliyealikwa tu kunywa siku ile ya rubisi, alinisimamisha kwenye mlango wa uzio. Hakuwa na ukali.

"Wewe ulitueleza vizuri kabisa," akasema. "Waya ni umiliki. Sasa umezeeka, unajuta, ni haki yako. Sisi ukoo wetu bado upo."

Nikamwambia kuhusu nyonga ya Ma Koku. Akasema alisikia, pole sana, ilikuwa mapenzi ya Mungu. Alitumia sala yangu, karibu neno kwa neno! Nyuma yake, kupitia migomba, nilimwona mjane mwenyewe amesimama mlangoni, ananitazama mimi na gunia langu. Nikarudi nyumbani.

Nimerudi pale mara nyingine, na mara nyingine tena. Mlango wa uzio umefungwa. Mvua zinakaribia, ziwa limeshaanza kubadilika rangi asubuhi. Baraza la nyumba ile limeunganika na paa kubwa, kenchi hazina hata waya mmoja, na mama yule hulala upande unaotazama ziwa.

Ndiyo maana naandika. Nimeshindwa mlangoni, labda nitasikika gazetini. Wewe unayesoma hili, kama katika ukoo wako yuko mwanamke aliyebaki peke yake chini ya paa lisilofungwa, usisubiri kikao. Usiulize itakuwaje kesho kuhusu mashamba. Usimpelekee maneno ya Mungu mahali alipoomba waya. Chukua ngazi uende leo, na mwenye ukoo akikusimamisha, mwoneshe ukurasa huu, mwambie aliyeyatunga maneno yale ameyakana, na kwamba anayaona machafu.

Na kama wewe ndiye yule mzee mwenzangu, na umenitambua, nakuomba ufungue uzio. Sitaingia mimi kama hutaki. Waache waingie vijana.

Mungu mwenye rehema akubariki wewe uliyevumilia kunisoma. Alitie nguvu paa linalokufunika, na ukuta unaolishika, na mkono utakaoinuka kumfungia mwenzako lake. Amani iwe nyumbani kwako msimu huu wa mvua na misimu yote. Amina.